Germain Henri Hess (1802–1850): Mhasibu wa Joto na Jiko la Makaa la Mathare

Utangulizi

Bonde la Mathare liko kaskazini mashariki mwa kitovu cha jiji la Nairobi, kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika. Vijiji vyake, kama vile Mlango Kubwa, Mashimoni, Mabatini, Bondeni na Kosovo, vimesongamana nyumba za mabati zenye chumba kimoja, na mara nyingi chumba hicho hakizidi futi kumi kwa kumi. Humo ndimo familia inamopika, inamolia, watoto wanamofanyia kazi za shule, na wote wanamolala.

Kati ya mwezi wa Juni na Agosti baridi ya Nairobi huwa kali, na bati halizuii baridi. Jiko la makaa lililowashiwa nje, hata likakolea na kuacha kutoa moshi, huingizwa ndani ili chumba kipate joto. Mlango hufungwa. Penye upenyo hupachikwa gunia au nguo kuukuu. Makaa huwaka kimya, mekundu, bila harufu ya kusumbua, na waliomo hulala wakiamini kwamba hatari iliondoka pamoja na moshi. Si mara moja wala mbili ambapo majirani nchini Kenya wamebomoa mlango asubuhi na kuwakuta waliolala hivyo hawana uhai.

Kifo hicho kina hesabu yake. Kuna kiasi cha joto ambacho makaa yalipaswa kukitoa lakini hayakukitoa, na palipobaki joto hilo ndipo palipojificha sumu. Kiasi hicho hakipimiki moja kwa moja kwa chombo chochote, ila hukokotolewa. Mtu aliyewafundisha walimwengu ukokotoaji huo hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Alikuwa daktari aliyegeuka mwanakemia, mzaliwa wa Uswisi aliyeishi na kufia Urusi, jina lake Germain Henri Hess. Makala haya yanasimulia maisha yake, yakizingatia mambo mawili aliyoyaacha: kanuni ya kukokotoa joto la mmenyuko wa kikemikali, na juhudi yake ya kuifanya kemia izungumze lugha ya watu alioishi nao. Mambo haya mawili, kama itakavyobainika, yanakutana katika jiko la Mathare.

Kuzaliwa na Malezi

Hess alizaliwa mwezi wa Agosti mwaka 1802 mjini Geneva, wakati ambapo mji huo ulikuwa chini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa msanii. Mwaka 1805, mtoto akiwa bado mdogo wa miaka mitatu, baba huyo aliihamishia familia yake Urusi, alikopata kazi ya kufundisha watoto katika nyumba ya matajiri. Katika zama hizo familia za makabaila wa Urusi zilipenda kuajiri walimu kutoka Ulaya Magharibi ili watoto wao wajue Kifaransa na Kijerumani. Mama yake Hess naye alikuwa mwalimu wa aina hiyo. Kwa hivyo mtoto alikua akizisikia nyumbani lugha mbili za kigeni, na nje ya nyumba akikisikia Kirusi.

Malezi hayo ya lugha nyingi si jambo dogo katika maisha yake. Mtoto wa Mathare anayesema lugha ya wazazi wake nyumbani, Kiswahili na Sheng nje, na Kiingereza darasani, angemwelewa vyema. Hess alijifunza mapema kwamba lugha ya elimu na lugha ya watu zinaweza kuwa vitu viwili tofauti, na kwamba anayetaka kuvuka kutoka moja hadi nyingine hana budi kujenga daraja mwenyewe.

Mwaka 1817 familia ilihamia Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu na uko nchini Estonia. Hess alimaliza masomo yake ya sekondari mwaka 1822, na mwaka huohuo akajiunga na Chuo Kikuu cha Dorpat kusomea udaktari.

Daktari Aliyevutwa na Maji na Mawe

Katika chuo hicho kemia ilifundishwa na Profesa Gottfried Osann. Ni yeye aliyemfungua macho Hess aone kwamba tiba bila kemia ni kazi ya kubahatisha. Tasnifu aliyoitetea mwaka 1825 ili apate shahada ya udaktari ilidhihirisha mvuto huo, kwani ilihusu maji ya chemchemi za madini nchini Urusi: yameundwa na nini, na yanaponya vipi. Ilikuwa tasnifu ya daktari, lakini maswali yake yalikuwa ya mwanakemia.

Baada ya hapo alisafiri hadi Stockholm, Uswidi, kufanya kazi kwa muda mfupi katika maabara ya Jöns Jakob Berzelius. Berzelius ndiye mwanakemia aliyeheshimiwa kuliko wote Ulaya wakati huo, na ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuziandika elementi kwa herufi za majina yao ya Kilatini, mtindo unaotumika hadi leo. Hess alikaa Stockholm kwa takriban mwezi mmoja tu. Hata hivyo, mwezi huo ulimpa mambo mawili yaliyodumu naye maisha yake yote: usahihi wa vipimo, na imani kwamba sayansi haiwezi kusonga mbele bila majina yaliyonyooka.

Aliporejea Urusi alishiriki msafara wa kuchunguza jiolojia ya milima ya Ural, kisha akaenda kufanya kazi ya udaktari Irkutsk, mji wa Siberia ulio karibu na Ziwa Baikal. Huko, maelfu ya kilomita kutoka chuo kikuu chochote cha Ulaya, aliwatibu wagonjwa huku akiendelea kuchunguza maji na madini ya eneo hilo. Baadaye madini mojawapo yaliyomo fedha na teluri yalipewa jina la hesaiti kwa heshima yake.

Irkutsk ni mji wa baridi kali, na katika Urusi yote ya zama hizo uhai wa majira ya baridi ulitegemea jiko kubwa la matofali lililojengwa ndani ya nyumba. Kuni zikishaungua na kubaki makaa, wenye nyumba walifunga kizibo cha bomba la moshi ili joto lisipotee. Waliokifunga mapema mno, makaa yakiwa bado yanawaka, waliamka na maumivu makali ya kichwa, au hawakuamka kabisa. Warusi walikuwa na neno moja fupi kwa hewa hiyo na kwa madhara yake: ugar. Hata bibi kizee asiyejua kusoma alilijua neno hilo, na alijua kwamba kizibo hakifungwi kabla ya makaa kuzima. Neno lilibeba onyo ndani yake.

Mwalimu wa St Petersburg

Mwaka 1830 Hess aliacha udaktari na kuhamia St Petersburg, makao makuu ya Urusi wakati huo, kuitumikia kemia peke yake. Alikuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya mji huo, na pia alifundisha katika vyuo kadhaa, kikiwemo Chuo cha Teknolojia. Wanafunzi wake wengi walikuwa vijana wa Kirusi waliotarajiwa kuwa wahandisi, wakaguzi wa madini na walimu.

Hapo ndipo alipokumbana na tatizo ambalo msomaji wa Kiswahili analitambua mara moja. Maandishi ya Akademia yalichapishwa hasa kwa Kifaransa na Kijerumani, na vitabu bora vya kemia vilikuwa vya kigeni. Majina ya dutu kwa Kirusi yalikuwa vurugu tupu, kwani kila mwalimu alitafsiri alivyopenda, na dutu moja iliweza kuwa na majina matatu au manne. Mwanafunzi aliyesoma kwa mwalimu mmoja hakumwelewa aliyesoma kwa mwingine.

Hess, ambaye hakuzaliwa Mrusi, aliamua kulishughulikia tatizo hilo. Mwaka 1831 alianza kutoa kitabu chake cha misingi ya kemia kwa lugha ya Kirusi. Kitabu hicho kilichapishwa mara saba, na kikabaki kitabu kikuu cha kufundishia kemia nchini humo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1860, yaani miaka kumi hivi baada ya kifo chake. Aidha, katika miaka hiyohiyo ya 1830 alishirikiana na wanakemia wengine kuyaweka sawa majina ya dutu kwa Kirusi. Kazi ya namna hii haina sifa kubwa duniani, kwa kuwa istilahi ikishakubalika husahauliwa kwamba kuna mtu aliyeitolea jasho.

Miongoni mwa vijana waliosoma kwake ni Alexander Voskresensky, ambaye naye alikuja kuwa mwalimu wa Dmitri Mendeleev. Mendeleev ndiye aliyeipa dunia jedwali la elementi mwaka 1869. Kwa hiyo mlolongo wa walimu na wanafunzi unaomfikisha mtu kwenye jedwali lililobandikwa ukutani katika kila maabara ya shule za Kenya unampitia Hess.

Jaribio la Asidi na Amonia

Sifa kubwa ya Hess, hata hivyo, inatokana na joto. Kabla yake, Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace, walikuwa wametengeneza chombo cha barafu katika majira ya baridi ya 1782 na 1783. Waliweka ndani yake kitu kinachotoa joto, kisha wakapima maji yaliyoyeyuka. Walionyesha kwamba joto linaweza kupimwa kama nafaka kwenye mizani. Lakini Lavoisier aliuawa mwaka 1794 katika Mapinduzi ya Ufaransa, na kwa miongo kadhaa baada yake taaluma hiyo haikusonga mbele sana.

Hess aliichukua pale ilipoachwa. Alitaka kujua nguvu inayozivutanisha dutu, na alifikiri kwamba joto linalotoka zinapoungana lingekuwa kipimo cha nguvu hiyo. Alianza na asidi ya salfa. Asidi hii ikiwa kali inatoa joto jingi inapozimuliwa kwa maji. Ikishazimuliwa, bado inatoa joto tena inapochanganywa na amonia ambayo huimaliza ukali wake. Hess alifanya jaribio hili mara nyingi kwa viwango mbalimbali vya maji. Mara nyingine alianza na asidi kali, mara nyingine na ile iliyozimuliwa kidogo, na mara nyingine na ile iliyozimuliwa sana.

Matokeo yalimshangaza. Asidi iliyokuwa imezimuliwa sana ilitoa joto kidogo zaidi ilipokutana na amonia, lakini ilikuwa imekwisha kutoa joto zaidi wakati wa kuzimuliwa. Alipojumlisha joto la hatua zote, jumla ilikuwa ileile. Haba na haba zilijaza kibaba kilekile, kwa vyovyote zilivyogawanywa. Mwaka 1840 alitangaza kanuni yake katika machapisho ya Akademia ya St Petersburg: jumla ya joto linalotolewa au kufyonzwa katika mmenyuko wa kikemikali hutegemea hali ya mwanzo na hali ya mwisho ya dutu pekee, wala haitegemei njia iliyopitiwa wala idadi ya hatua.

Mkazi wa Mathare anaweza kuielewa kanuni hii bila maabara. Mtu anayeshuka kutoka Barabara ya Juja hadi kwenye Mto Mathare anaweza kuteremka moja kwa moja kwa ngazi za mawe, au kuzunguka kwa vichochoro akishuka kidogo, akipanda kidogo, kisha akishuka tena. Atakapofika mtoni, kimo alichokishuka ni kilekile. Mwenye kujua kimo cha barabara na kimo cha mto hana haja ya kuuliza mtu huyo alipita wapi.

Inafaa kukumbuka wakati ambapo jambo hili lilisemwa. Mwaka 1840 kanuni ya jumla ya kudumu kwa nishati ilikuwa bado haijatangazwa. Maandishi ya Julius Robert Mayer yalitoka mwaka 1842, na vipimo vya James Joule vilifuata katika miaka hiyohiyo ya 1840. Hess alikuwa ameishika sehemu ya ukweli huo kwa mikono yake kabla ukweli wote haujapewa jina. Hata neno enthalpi, ambalo leo hutumiwa kutaja joto hilo la mmenyuko katika kanieneo isiyobadilika, lilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya nusu karne baada ya yeye kufa.

Kukokotoa Kisichopimika

Thamani ya kanuni ya Hess inaonekana pale chombo kinaposhindwa, na mfano ulio wazi kuliko yote ni wa makaa. Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Kaboni ikipata hewa ya kutosha huungana na oksijeni na kuwa kaboni dioksaidi. Gramu 12 za kaboni zikiungua hivyo hutoa kilojuli 393.5 za joto. Hiki kinapimika bila taabu. Kaboni ikikosa hewa ya kutosha huwa kaboni monoksaidi, yenye oksijeni nusu tu ya ile ya kwanza. Hapo hutoka joto kiasi gani?

Hakuna anayeweza kulipima moja kwa moja, kwa sababu hakuna jinsi ya kuichoma kaboni yote iwe monoksaidi tupu. Daima baadhi yake hukimbilia kuwa dioksaidi, na nyingine hubaki bila kuungua. Hata hivyo, monoksaidi yenyewe inaweza kutengwa na kuchomwa, na ile iliyomo gramu 12 za kaboni hutoa kilojuli 283.0 inapogeuka kuwa dioksaidi. Mwanzo ni kaboni, mwisho ni dioksaidi, na njia ni mbili: ya moja kwa moja, na ile inayopitia monoksaidi. Kwa kanuni ya Hess jumla lazima zilingane. Kwa hiyo 393.5 ikiondolewa 283.0 hubaki 110.5. Hicho ndicho kiasi kisichopimika, kimepatikana kwa kutoa tu.

Nambari hizi zina maana jikoni. Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka humo yafikapo karibu digrii 94 za Selsiasi. Kama joto lote lingeingia kwenye sufuria, kilojuli 393.5 zingetosha kuchemsha lita moja ya maji yaliyokuwa na digrii 20, na nyingine zingebaki. Kilojuli 110.5 zingeyafikisha maji hayohayo digrii 46 hivi, yaani uvuguvugu wa kuogea mtoto. Makaa ni yaleyale gramu 12. Kilichotofautiana ni hewa.

Jiko Lililofungiwa Ndani

Jiko lililojazwa makaa hufuata njia ndefu zaidi. Chini, hewa inapoingilia, kaboni huungua na kuwa dioksaidi, na kila gramu 12 hutoa kilojuli 393.5. Dioksaidi hiyo hupanda kupitia makaa mekundu yaliyo juu yake, nayo hunyakua kaboni nyingine na kugeuka monoksaidi maradufu. Hatua hii haitoi joto, bali hufyonza kilojuli 172.5. Ikifika juu na kukuta hewa safi, monoksaidi yote huungua na kutoa kilojuli 566.0. Huo ndio ule mwali mwembamba wa samawati unaocheza juu ya makaa usiku. Ukijumlisha 393.5 na 566.0, kisha ukatoa 172.5, unapata 787.0, ambayo ni mara mbili kamili ya 393.5, kwa kuwa kaboni iliyoungua ni gramu 24. Njia ilipinda, lakini hesabu haikupinda.

Hesabu hupungua pale tu hatua ya mwisho inapokosekana. Ndani ya chumba kilichofungwa, oksijeni hupungua kadiri makaa yanavyowaka. Baadhi ya monoksaidi haipati cha kuungana nayo, na badala ya kuungua huenea chumbani. Katika kila kilojuli 393.5 ambazo kaboni hiyo ilipaswa kutoa, 283.0 hazijatoka. Ni zaidi ya sehemu saba katika kumi. Hazikupotea, kwa maana kanuni ya Hess hairuhusu kitu kupotea kati ya mwanzo na mwisho. Zimo ndani ya hewa isiyo na rangi wala harufu. Mwenye nyumba aliyenunua mkebe wa makaa kwa fedha yake hajapata joto alilolilipia, na sehemu anayoidai iko ndani ya chumba pamoja naye, inaingia mapafuni.

Monoksaidi huishika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huanza kuumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Usingizi huo ndio unaodanganya, kwa sababu katika chumba chenye joto usiku, kusinzia hakumtishi mtu. Moshi wa kuni humkohoza aliyelala na kumfukuza kitandani. Makaa yaliyokolea hayana huruma hiyo.

Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na Kamukunji, maeneo ya Nairobi yasiyo mbali na Mathare, wamekuwa wakitengeneza tangu miaka ya 1980 jiko la bati lenye tumbo la udongo uliochomwa, ambalo umbo lake lilitokana kwa sehemu na majiko ya Thailand. Jiko hilo limewapunguzia wengi gharama ya makaa. Lakini linapaswa kueleweka kwa kanuni ileile. Haliongezi joto la makaa hata kwa kilojuli moja. Kinachobadilika ni kiasi kinachofika kwenye sufuria badala ya kutorokea pembeni. Wala halifanyi chumba kilichofungwa kuwa salama. Uzuri wa jiko hauwezi kuchukua nafasi ya dirisha lililo wazi.

Miaka ya Mwisho

Hess aliendelea na utafiti wake wa joto. Mwaka 1842 alionyesha kwamba miyeyusho ya chumvi mbili zisizo asidi wala besi inapochanganywa bila kitu kuganda, hakuna joto linalotoka wala kufyonzwa. Maelezo kamili ya jambo hilo hayakupatikana hadi miaka ya 1880, Svante Arrhenius wa Uswidi alipoeleza kwamba chumvi hizo huwa zimekwisha kugawanyika majini.

Afya yake ilidhoofika kabla ya uzee. Kufikia mwisho wa miaka ya 1840 alikuwa hawezi tena kuifanya kazi yake kama awali, na mwishoni mwa mwaka 1850 alifariki dunia mjini St Petersburg akiwa na umri wa miaka 48. Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa waliijenga taaluma ya joto la kikemikali kwa vipimo vingi, na kwa muda jina la mwanzilishi lilififia. Mwaka 1890 Wilhelm Ostwald alizichapisha upya kwa Kijerumani tafiti za Hess katika mfululizo wake wa maandishi makuu ya sayansi, na tangu hapo jina lake limebaki katika vitabu vya kemia vya shule.

Hitimisho

Vitabu hivyo vimefika Mathare pia. Katika mtaala wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985, mada ya mabadiliko ya nishati katika mimenyuko iliwekwa katika kidato cha nne, na watahiniwa wengi wamekwisha kuikokotoa ile 110.5 kwa usahihi katika mtihani. Lakini wameikokotoa kwa Kiingereza, na hesabu hiyo haikupata njia ya kutoka darasani hadi chumbani. Mwanafunzi aweza kupata alama zote jioni ya Julai, kisha alale kando ya jiko, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba nambari aliyoiandika na makaa yaliyo miguuni pake ni jambo moja. Mama yake, ambaye ndiye anayeliingiza jiko ndani, hakuambiwa chochote katika lugha anayoielewa.

Kiswahili hakikosi uwezo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kinachopungua ni mtu wa kufanya kazi ya Hess ya mwaka 1831, yaani kuichukua elimu iliyoandikwa kwa lugha za mbali na kuipa majina ambayo mwanafunzi, mzazi wake na jirani watayatumia kwa maana moja. Warusi wa vijijini waliokoka kwa neno moja walilolijua wote. Hewa inayoua katika chumba cha Mathare bado inaelezwa Kiswahilini kwa mzunguko wa maneno, au inachanganywa na moshi, ambao siyo.

Maisha ya Germain Henri Hess yanaonyesha kwamba ukokotoaji wa joto na ujenzi wa istilahi ni kazi ambazo mtu mmoja anaweza kuzifanya pamoja bila moja kuidhalilisha nyingine. Ya kwanza ilimwezesha kujua kilicho baina ya mwanzo na mwisho ingawa hakuna chombo cha kukipima. Ya pili iliwawezesha wengine kukijua pia. Wanafunzi na walimu wa Kiswahili hawana maabara ya asidi na amonia, lakini kazi hiyo ya pili ni yao, na msimu wa baridi wa Nairobi hurudi kila mwaka.